Dawa Isiyozuia Risasi

Nilitoka Mbwara asubuhi moja bila kumuaga mtu na bila kujua niendako. Nilikuwa na kikoi kimoja, kisu, na kiazi cha kuchoma kilichokuwa bado cha moto. Siku hiyo ilikuwa zamu yangu katika shamba la pamba la jumbe, na mgongo wangu ulikuwa haujasahau zamu iliyotangulia. Nikawa ninakirusha kiazi mkono huu na mkono huu, huku ninatembea, na kilipopoa nikajikuta nimeshika njia ya mtoni badala ya njia ya shamba. Nikakila, nikaendelea.

Chuo cha Kurani nilikuwa nimekwisha kukiacha zamani, katika juzuu ya tatu. Kosa langu lilikuwa kuuliza. Nilimuuliza mwalimu ni nani aliyemfundisha yeye, akanijibu. Nikauliza ni nani aliyemfundisha huyo, akanijibu. Tulipofika mwalimu wa tano bakora ikajibu. Kwa hiyo haya ninayowaandikia msiyasome kama maneno ya mwanachuoni. Ni maneno ya mtu aliyepiga pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, katika mikono ya Rufiji miaka arobaini, tangu Wadachi wangali wanatuchapa viboko mpaka leo mnapopita na mitumbwi ya mashine mkitutia mawimbi sisi wazee gatini.

Nawaandikia kwa sababu mnaniuliza swali moja kila siku, mkidhani sisikii mkicheka. Kwa nini mzee huyu kila alfajiri, akisha kusali, huketi gatini macho ameyafumba kama ndege kongoti aliyeshiba? Wengine mnasema nina shetani wa Kihindi. Mmoja wenu alisema ninawakumbuka wake zangu. Angewajua wake zangu asingesema hivyo.

Jibu linaanzia kwenye pondo.

Aliyenifundisha ni Mzee Mkumba wa Salale, mtu mfupi, mkavu, aliyekuwa akinena mara tatu tu kwa siku. Alinisimamisha nyuma ya mtumbwi akaniambia: ukisukuma, toa pumzi, ukiinua pondo, ivute, na likinasa, achia. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya siku ile yote. Mawili ya kwanza niliyashika. La tatu nililiona upuuzi. Mtu gani huachia chombo chake cha kazi?

Siku ya tatu tulikuwa tumepakia tenga la kuku na akina mama wawili wanaokwenda harusini. Tulipofika penye matope mazito pondo likazama likanasa. Nikalikumbatia kwa nguvu zangu zote. Pondo lilibaki, nami nikabaki juu yake, lakini mtumbwi ulikwenda zake. Nikawa katikati ya mkondo nimening'inia kama tumbili, ninateremka polepole kuelekea majini, na ninawasikia akina mama wale wakicheka mpaka kuku nao wakawaitikia. Mzee Mkumba hakugeuka. Alichukua kafi akawafikisha abiria wake harusini, akala pilau, kisha ndipo akarudi kunichukua. Wakati huo maji yalikuwa kidevuni. Akaniuliza kama sasa nimelisikia la tatu.

Kwa hiyo, nyinyi ambao mngali mnashika pondo: likinasa msivute. Lizungusheni kwanza, nusu duara kulia, nusu kushoto, matope yapate hewa, ndipo muinue. Likikataa, liacheni, mrudi kulichukua kwa kafi. Pondo hukatwa siku moja. Mtu hukua miaka.

Sasa nije kwa Narsi.

Narsi alikuwa Banyani mwenye duka la miti na makuti pale tulipokuwa tukishusha mpunga. Aliuza chumvi, kaniki na majembe, na alikuwa amekaa pwani yetu muda mrefu hata akikasirika hutukana kwa Kindengereko. Hakula nyama, hakula samaki, hakula hata kamba, na watu walimhurumia wakidhani ameagizwa hivyo na mganga. Mimi nilikuwa nikimchukulia magunia yake hadi mlango wa mto, na mara nyingi nililala uani kwake nikisubiri maji yajae.

Nina ugonjwa wa kuchungulia, nao haujapona hadi leo. Alfajiri moja niliona kupitia ukuta wa makuti amekaa miguu imekunjwa, mgongo umenyooka, ameziba tundu moja la pua kwa kidole gumba. Akavuta pumzi kwa tundu la pili, akaziba yote mawili, akatulia. Nami nikazuia pumzi yangu nione nani atashindwa. Nikashindwa. Nikajaribu tena, nikashindwa tena, na yule mtu bado ametulia, hata inzi aliyekuwa kwenye paji lake akachoka akaruka.

Siku hiyo hiyo nilijaribu mwenyewe. Nilikaa nyuma ya mtumbwi mtupu, nikakunja miguu kama yake, nikaziba pua. Nilikaa mpaka miguu ikafa. Nilipotaka kuinuka haikuinuka, mtumbwi ukayumba, nikaanguka majini miguu ingali imefungana kama ya kuku wa sokoni. Narsi alitoka dukani akanishika kikoi, akanivuta ukingoni, akaniuliza nilikuwa ninatafuta nini.

"Nilitaka kujua unachokitafuta wewe," nikasema.

 Akasema kwamba yeye alipokuwa mdogo kwao baba yake alimwuliza swali hilo hilo, akajibu kuwa anataka kuruka angani, akapigwa kofi. Kwa hiyo jibu langu si baya. Akaingia ndani akarudi na gunia dogo lililojaa pumba za mpunga, akaniketisha juu yake. Ghafla mgongo ukanyooka wenyewe na magoti yakashuka. Siri ya kwanza ya mambo haya, wanangu, ni gunia la pumba. Makalio yawe juu kuliko magoti. Mtu anayeumwa na miguu hawezi kufikiri habari ya Mungu, anafikiri habari ya miguu.

Jambo lenyewe aliliita yoga. Alisema kwao neno hilo linatokana na kuwafunga ng'ombe wawili katika nira moja walime. Lakini huku kwetu mbung'o wamewamaliza ng'ombe, akaona sielewi, akatafuta mfano. Pale mbele yetu watu walikuwa wakivusha mpunga kwa mitumbwi miwili waliyoifunga ubavu kwa ubavu, kama tufanyavyo mzigo ukiwa mzito. Akanionyesha kwa kidole. Kila mmoja peke yake unapinduka, akasema, ikifungwa inabeba. Nikauliza ni viwili vipi vinavyofungwa kwa mtu. Akasema mwishowe ni mtu na Aliyemuumba, lakini safari hiyo ni ndefu, na kwanza mtu ajifunge na nafsi yake, kwa kuwa wengi wetu mwili umo dukani na moyo uko Mafia.

Hilo lilinichoma. Mimi mwili wangu ulikuwa haujakaa mahali pamoja hata miezi mitatu, na moyo haukukaa hata siku moja.

Najua kuna watakaouliza habari ya dini. Niliuliza pia, miaka mingi baadaye, kwa mwalimu mmoja mwenye subira kuliko yule wa bakora. Aliniuliza kama nikikaa vile naabudu kitu. Nikasema hapana, natulia tu ili nikisimama kusali niwepo. Akasema anawajua wengi wanaosali bila kuwepo. Nami kwa mara ya kwanza sikuuliza zaidi.

Basi vita vikaja.

Nyinyi mmesimuliwa mengi juu ya vita vya Maji Maji, na waliosimulia wengi hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, lakini pembeni, kama ilivyo desturi yangu. Pamba ndiyo iliyotuchosha. Kisha habari zikateremka na mto kwamba kuna maji ya dawa: mtu akipakwa na kunyweshwa, risasi ya Mdachi ikimfikia itageuka maji. Na kila dawa ina miiko yake, na hii ilikuwa nayo mingi. Watu walikwenda kwa makundi. Sikuwacheka wakati ule na siwacheki leo. Mgongo uliochapwa huamini.

Kosa langu nililifanya mchana mmoja katika kambi ya wakata boriti. Tulikuwa tunakula, na kijana mmoja anaeleza habari ya maji yale kana kwamba aliyachota mwenyewe. Mimi siwezi kuvumilia mtu ajue kitu nisichokijua. Nikasema, huku nikichovya tonge, kwamba hayo ni madogo. Banyani wetu ana dawa kubwa kuliko hiyo. Anazuia pumzi mpaka anakuwa kama mti, na kitu kisichopumua hakifi kwa risasi.

Wote wakaacha kula, wakanitazama mimi tu. Nikalishwa vizuri siku ile. Nikaondoka nimefurahi, nikasahau.

Baada ya siku chache, asubuhi mapema, nilikuwa dukani ninamsaidia Narsi kushona magunia. Wakatokea watu kumi na wawili wenye mikuki na bunduki mbili kuukuu, vibuyu vya dawa shingoni. Mbele yao alikuwa Athumani, mtoto wa mjomba wangu, binamu yangu wa kutaniana tangu tunachunga ndege mpungani.

"Kumbe u hai," akasema. "Kule nyumbani tumesikia umeolewa na Banyani."

"Ningeolewa ningekuwa nimenenepa," nikasema.

Wenzake wakacheka, lakini mikuki haikushuka. Athumani akamgeukia Narsi, akamwamkia kwa heshima, akamweleza kwamba hawakuja kwa ubaya. Wameambiwa hapa kuna dawa ya risasi, na aliyeitangaza ni binamu yake, huyu hapa. Wanaitaka kabla hawajapanda milimani. Wakipewa wataondoka. Wakinyimwa watajua kuwa anawawekea Wadachi.

Nikaiweka chini sindano ya magunia. Narsi alinitazama mara moja tu. Nilijua maana ya kunyimwa ni nini. Tulikwisha kusikia ya wenye maduka wengine. Mzee yule atauawa mbele ya chumvi yake, na kitakachomuua ni tonge langu na ulimi wangu.

Narsi akachukua lile gunia la pumba, akaliweka mlangoni, akakaa juu yake. Akawauliza kama dawa yao ina miiko. Wakasema inayo, wakaitaja.

"Na yangu inayo," akasema. "Mwiko wa kwanza, usiue."

"Usiue nini?" akauliza Athumani.

"Chochote. Mtu, kuku, hata kunguni ukiweza."

Wakaangua kicheko. Mmoja akauliza ni dawa gani hiyo ya vita ambayo mwiko wake ni kutoua. Afadhali wakae nyumbani wanawe miguu. Narsi akawaacha wacheke mpaka wakamaliza. Akasema mwiko wa pili ni kutosema uongo, na wa tatu ni kutochukua kisicho chako. Hapo wote wakamgeukia jamaa mmoja mnene aliyekuwa amesimama nyuma na jora la kaniki kwapani. Jamaa akaanza kutazama dari.

Athumani hakucheka tena. Alisogea karibu. "Mzee Narsi, na mtu akiishika miiko yote hiyo, risasi haimpenyi?"

Wanangu, nilikuwa nimesimama nyuma ya Narsi na ninamwomba moyoni aseme neno moja tu. Haimpenyi. Angelisema, wangefurahi, angewafundisha kuziba pua, wangekwenda zao.

"Inampenya," akasema Narsi. "Inampenya kama mtu mwingine."

 Mkuki wa Athumani ulipanda kidogo.

"Basi ni dawa ya nini?"

"Athumani, jana ulilala?"

Athumani akatazama pembeni. Alikuwa na macho mekundu, sote tulimwona. "Sikulala," akasema.

"Risasi ilikuwa imekupata?"

"Bado."

"Basi nani aliyekuzuia kulala? Dawa yangu ni ya huyo."

 Nilimwona binamu yangu, aliyenipiga mieleka utoto wangu wote, akisimika mkuki wake ardhini na kukaa chini. Narsi akamwonyesha: kidole gumba upande huu, cha pete upande huu, vuta, tulia, toa polepole zaidi ya ulivyovuta. Wenzake walianza kwa minong'ono na mizaha, kisha mmoja mmoja wakachuchumaa. Maji yalikuwa yameanza kupwa, na katika ukimya ule tukasikia kaa wakitembea kwenye mizizi ya mikoko.

Athumani alipoinuka uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyenawa. Akawaambia watu wake kwa sauti kubwa kwamba wamedanganywa, hapa hakuna dawa ya vita. Hii ni dawa ya usingizi, nao hawaendi kulala. Wakacheka, wakaanza kuondoka, kwa kuwa hakuna anayemwua mtu kwa dawa ya usingizi. Alipopita karibu nami akaniminya sikio kama tulivyokuwa tukifanyiana zamani, akaninong'oneza kwamba nyuma yao kuna kundi jingine, hao hawanijui na hawajui utani. Nimwondoe mzee kabla maji hayajaisha. Walipokwisha kwenda nilikuta jora la kaniki limelazwa mlangoni taratibu kama mtoto aliyesinzia.

Nisiwaache na wasiwasi. Athumani alirudi, mwaka uliofuata, wakati wa njaa, amekonda na bega moja limevunjika. Katika wale kumi na wawili walirudi watatu. Aliniambia risasi ilimpenya kama mzee alivyosema, na kwamba siku zote za kungoja alikuwa akilala. Tulizeeka pamoja. Hadi alipofariki aliniita Banyani wa Mbwara.

Lakini siku ile sikujua hayo. Nilijua tu kwamba ni siku za bamvua, maji yanakimbia kama yanafukuzwa, na kwamba nina mzee wa kumvusha. Nikamwambia achukue kinachomfaa. Aliacha chumvi, aliacha kaniki, aliacha majembe. Alitoka na kikombe chake cha shaba na lile gunia la pumba. Nikamuuliza kama amerukwa na akili. Akasema pengine tuendako hawana pumba.

Nilisukuma kama mwendawazimu. Nilisahau yote ya Mzee Mkumba. Nilikuwa ninavuta pumzi wakati wa kusukuma na kuizuia wakati wa kuinua, moyo unapiga ngoma masikioni, na tulipokata kuingia kijito cha kaskazini pondo likazama likanasa. Nami, mpiga pondo, nikalikumbatia. Nilihisi visigino vinaacha mtumbwi.

"Achia," akasema Narsi nyuma yangu, bila kupaza sauti.

Nikaachia. Nikaangukia magoti ndani ya mtumbwi, na pondo langu likabaki limesimama katikati ya kijito. Nikachukua kafi, lakini kafi peke yake kwa maji yale ni kijiko baharini. Tulipata kusogea hadi chini ya matawi ya mikoko, ndipo matope yakatushika. Maji yakatuacha. Sasa hapana kwenda wala kurudi mpaka yajae tena, na jua ndiyo kwanza linapanda.

Tulikata matawi tukajifunika. Hapo ndipo nilipomwambia. Nilisema kwamba mimi ndiye niliyewaletea watu wale, na nikamweleza habari ya kambi na tonge.

"Najua," akasema. "Ukuta wangu unachunguliwa na mtu mmoja tu."

Nikamuuliza kwa nini basi hakunitaja, hakunifukuza, hakunitukana hata kwa Kindengereko. Akasema alikuwa ameanza na mwiko wa kwanza na hakutaka kuharibu siku.

Tulikuwa bado tunanong'ona waliposikika. Kundi la pili lilipita ukingo wa ng'ambo, hatua kama hamsini kutoka tulipo, na sauti zao zilikuwa za watu waliokasirika. Nilijua walikotoka, maana moshi ulianza kupanda upande wa duka. Wakaliona pondo. Mmoja akasema ni mti wa wando, watu wametega samaki. Mwingine akasema macho yake yanalijua pondo, na mwenye pondo hawezi kuwa mbali.

Usubi ulikuwa umetuvaa. Wadudu wale mnawajua, hawaonekani lakini wanauma kama cheche. Walikuwa kwenye kope zangu, ndani ya masikio, shingoni. Pumzi yangu ilikuwa inatoka kama mivukuto ya mfua chuma, nikaona majani yaliyotufunika yanatikisika kwa ajili yake. Narsi aliweka kiganja mgongoni pangu. Kilikuwa kinapanda na kushuka polepole na pumzi yake, nami nikaifuata, kama mtu anayeshikwa mkono kuvuka.

Nikakumbuka alivyomwuliza Athumani. Nikamtafuta yule anayeogopa. Alikuwa tumboni, upande wa kushoto, anatetemeka, ana kiu, pua inamwasha, anataka kukimbia aende popote, na nikamtambua: ni yule yule aliyetoka Mbwara na kiazi. Nilimtazama. Ndipo nikagundua kwamba kuna anayetazama, na huyo hatetemeki. Hakuwa shujaa, alikuwa ametulia tu, kama maji ya chini. Walikuwa wawili humu ndani siku zote, mmoja anapinduka kila wimbi, na mimi sikuwahi kujua kuwa yupo wa pili wa kumfunga naye ubavu kwa ubavu.

Hilo ndilo kusudi la kukaa, wanangu. Mnaniona sipai, sioni majini, sizuii risasi. Kila alfajiri ninamtafuta yule wa pili, nikimpata ninafunga kamba. Siku nyingine ninampata mara moja. Siku nyingine ninakaa kama kongoti kweli na kuwaza samaki. Na zipo alfajiri chache, siwezi kuzihesabu, ambapo baada ya kufunga kamba nilihisi kuna mtumbwi wa tatu, mkubwa mno, na hii yangu miwili imefungwa kwake tangu zamani. Hapo huwa sina maneno, na nyinyi mwajua ni nadra.

Tuliokolewa na usubi. Wale watu wa ng'ambo walijipiga makofi, wakajikuna, wakatukana, wakaruka ruka, na mwisho aliyelijua pondo akasema lisimame hapo na mwenye nalo aliwe na wadudu. Wakaondoka. Sisi wadudu walituuma vilevile, lakini tulikuwa tumekaa.

Maji yakarudi taratibu, yakauinua mtumbwi kama mama amwinuavyo mtoto bila kumwamsha. Pondo lilikuwa upande wa adui, sikulirudia. Nikapiga kafi, Narsi akakamata kipande cha ubao, tukapenya kijito nisichokijua, kikatutoa katika majaruba ya upande wa Maparoni. Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa, yamebaki mabua na madungu, zile nyumba za juu ya nguzo tunazolalia kulinda ndege. Jua lilikuwa halijatua. Mama mmoja mwenye mikono mirefu alikuwa akianika kamba kwenye mkeka. Aliitwa Bi Mwanahawa. Alitutazama tulivyovimba nyuso, mmoja Mndengereko, mmoja Banyani, gunia katikati, akakaribisha kwanza, maswali baadaye.

"Pondo lenu liko wapi?"

"Tumeliachia," nikasema.

"Vyema. Mtakata jingine kesho, mikoko haijaisha."

Akatuonyesha dungu lake tupu, akasema lina mkeka mmoja na upepo wa kutosha wawili. Alimletea Narsi kamba wa kuchoma, Narsi akakunja mikono akashukuru na kukataa. Bi Mwanahawa akanivuta kando akaniuliza ni mganga gani mkatili aliyemfunga mzee huyu. Nikasema ni miiko yake mwenyewe. Akatikisa kichwa, akaenda kumpikia boga.

Tulipanda ngazi. Narsi akafungua mshono wa gunia lake, akaomba kifuko cha ukindu kilichokuwa kimetundikwa, akakijaza pumba nusu, akakifunga kwa ukambaa, akakiweka upande wangu.  Nikakaa juu yake, magoti yakashuka.

Chini Bi Mwanahawa alikuwa anapuliza moto na kutueleza kwa sauti kwamba nyuma ya kona ile kuna kijito kingine, akakitaja jina, kinakwenda mbali, na hapa kijijini hakuna aliyewahi kufika mwisho wake. Kwa desturi ningekuwa nimekwisha kusimama. Nilisikia jina la kijito kile, nikaliona zuri, na nikabaki nimekaa.